MASTAA, ACHENI KUNYONYA BANDO ZA MADANSA! NUNUENI MIFI NA MJIFUNZE KUITUMIA

Kuna swali moja ambalo ukienda lokesheni yoyote ya video hapa Dar lazima ulisikie, iwe Mbezi Beach, iwe Kigamboni, iwe Masaki kwenye zile nyumba za kukodi kwa saa. Na swali lenyewe haliulizwi na mtu mwenye shida. Linaulizwa na staa. Ndinga imepaki, mlinzi kafungua mlango, staa kashuka na simu ya toleo jipya mkononi na miwani usoni. Watu wamemsubiri tangu saa mbili asubuhi, yeye kaja saa saba mchana. Hata "poleni kwa kusubiri" hakuna. Kinachotoka mdomoni ni hiki: "Oyaa, nani ana bando hapo? Niwashieni hotspoti."

Na kwa kuwa bosi kaongea, lazima apatikane wa kuwasha. Mara nyingi ni dansa. Kama sio dansa basi ni dada wa mekapu, na kama dada wa mekapu simu yake imezima chaji, basi ni yule kijana anayebeba mabegi ya nguo. Yaani anayewasha siku zote ni yule mwenye hela ndogo kuliko wote pale ndani. Meneja hawashi. Mwenye kamera hawashi, anasema simu yake ina shida. Staa mwenyewe ndio kabisaa, wakati simu yake ina hotspoti na ina sehemu ya laini kama simu za wenzake.

Hii imeshakuwa tabia, na ni tabia mbaya. Kuiita "ushkaji" ni kuipaka poda.

HESABU HII HAPA, MSISEME MNAONEWA

Wapo watakaosema jamani MB chache tu, kelele za nini. Sawa, hesabu ipigwe.

Staa akishaunganishwa, hafungui WhatsApp akasoma meseji mbili akatoka. Anaingia laivu Instagram nusu saa nzima kuwaambia mashabiki "kuna kitu kinakuja". Akimaliza anatazama video ya mwenzake aliyetoa ngoma juzi, anairudia mara sita aone kama kazidiwa. Akichoka anafungua filamu wakati anapakwa mekapu. Netflix wenyewe wameandika kwamba filamu yenye ubora wa HD inakula mpaka 3GB kwa saa moja. Dansa aliyejikusanya akanunua bando la wiki la 6GB, saa mbili tu za bosi kukaa kwenye kiti cha mekapu zinatosha kulimaliza lote. Wiki nzima imeliwa kabla hata muziki haujapigwa.

Na hapo ni kile kinachoonekana. Kibaya zaidi ni kile kisichoonekana. Simu nyingi zikiingia kwenye Wi-Fi zinajua zimefika nyumbani. Zinaanza kupandisha bakapu za picha na video, zinapakua apdeti za programu, zinavuta vitu ambavyo kwenye bando lake mwenyewe staa alizuia ili asiliwe. Hasa iPhone ikiunganishwa kwenye hotspoti ya Android, inaweza kuiona kama Wi-Fi ya kawaida tu. Sasa angalia iPhone yenyewe inavyoandika kwenye setingi za kamera: dakika moja ya video ya 4K kwa fremu 60 ni karibu 400MB. Staa akiwa amejirekodi dakika kumi tu za nyuma ya pazia kwa ubora huo, hiyo ni karibu 4GB, na kama bakapu imewashwa, simu inaanza kuzipandisha kimya kimya kwa bando la mtoto wa watu huku mwenyewe anakula chipsi kuku.

Dansa akija kuangalia salio anakuta sifuri, anadhani mtandao umemwibia. Kumbe mwizi yupo pale pale kwenye kiti, anapigwa poda.

BANDO LA DANSA NDIO FREMU YAKE

Staa anaona bando ni kitu cha kuchezea kwa sababu kwake ni kitu cha kuchezea. Kwa dansa ni ofisi. Dili za madansa zinakuja WhatsApp: "Kesho saa nne, Sinza, njoo na viatu vyeupe." Asipoiona ile meseji usiku huo, asubuhi nafasi kapewa mwingine. Dada wa mekapu ndio usiseme, wateja wake wote wa maharusi wako DM. Mteja akiuliza bei saa tisa, akijibiwa saa tatu usiku, ameshaenda kwa mwingine. Kijana wa mabegi naye anauza mitumba ya viatu mtandaoni, na bila bando duka limefungwa.

Halafu kuna chaji. Hotspoti inakula betri ya simu na kuipasha moto, kila mtu aliyewahi kuiwasha anajua. Na kwa simu nyingi za bei ya chini, simu ikiita wakati hotspoti iko hewani, intaneti inakatika au inakuwa kobe mpaka maongezi yaishe. Sasa fikiria mama yake dansa anapiga kutoka Tabora, na bosi anafoka: "Nani kakata Wi-Fi?" Kijana anashindwa kupokea simu ya mama yake mzazi kwa sababu staa yuko laivu. Hiyo ni heshima gani?

Na jioni ikifika, simu imezima, bando limekata, na hapo ndio dansa anatakiwa atafute usafiri wa kurudi Mbagala na aangalie kama hela yake ya siku imeingia. Ataiangaliaje na simu imezima? Hela yenyewe kaambiwa "nitakurushia kesho".

Watu wanakumbuka Aprili 2021 bando zilivyopanda. Nchi nzima ilipiga kelele mitandaoni mpaka serikali ikaingilia kati na bei mpya zikasitishwa. Mitandao ya simu ilisemwa kila jina baya. Sawa, na walisemwa kwa haki. Lakini mtandao wa simu ukikula hela yako una pa kwenda kulalamika, kuna huduma kwa wateja, kuna TCRA. Bosi wako akila bando lako unaenda kulalamika wapi? Ukisema unaitwa mchoyo, na wiki ijayo hauitwi kwenye video.

ETI NI KUSAIDIANA

Utetezi wao unajulikana. Wa kwanza ni huu: "Si tunasaidiana tu jamani, sisi ni familia." Familia gani ambayo anayesaidia ni yule yule kila siku na anayesaidiwa ni yule yule kila siku? Staa akiombwa hotspoti na dansa atamwashia? Jaribuni muone. Ataambiwa "bando langu la kazi hilo."

Utetezi wa pili: "Kwani si nawalipa?" Unawalipa kucheza. Hukuwalipa kuwa mnara wa simu. Fundi akija kujenga ukuta kwako, humwambii atoe na hela ya saruji mfukoni mwake kwa sababu unamlipa. Kama intaneti ni sehemu ya kazi, na kwenye muziki wa sasa hivi ni sehemu ya kazi kweli, basi iingie kwenye bajeti ya video kama chakula, kama mafuta ya jenereta, kama maji ya kunywa.

Utetezi wa tatu ndio unaokera kuliko yote: "Wanapata jina kwa kuwa karibu na mimi." Jina halinunui bando! Nenda kwa wakala wa vocha mwambie umecheza kwenye video ya staa fulani, uone kama atakupa hata ya mia tano.

WENGINE WANACHO KIFAA, LAKINI AKILI YA KUKITUMIA HAWANA

Sasa wapo mastaa waliosikia aibu wakanunua MiFi, kile kikasha kidogo kinachoingia mfukoni, unaweka laini yako ndani, kinavuta intaneti ya simu na kuigawa kwa Wi-Fi. Hongera zao. Tatizo ni kwamba wengi wamekinunua kama wanavyonunua perfyumu, kwa ajili ya picha.

Yupo mwigizaji mmoja wa kike, jina kapuni. Alivyopata MiFi yake mpya alifanya nini? Akaipiga picha kwa nyuma na kwa mbele, akatupia Instagram na maneno ya "intaneti kila niendapo". Ile picha ya nyuma ilikuwa na stika, na kwenye stika kuna jina la Wi-Fi na paswedi ya kiwandani, herufi kwa herufi. Wala hakuwahi kuibadilisha. Nyumba anayoishi ina wapangaji juu, chini na pembeni, na vijana wa hapo jirani wana macho na wanamfuata mtandaoni kama watu wengine.

Bando la mwezi la 30GB likaisha ndani ya siku nne. Akamgeukia dada wa kazi. "Wewe ndio unashinda na simu jikoni!" Binti kajitetea, "Dada, mimi namtumia mama voisi noti tu Singida," hakusikilizwa. Mshahara ukakatwa, na mwezi haujaisha akafungishiwa virago.

Hapo hesabu inahitajika tena. Voisi noti ya dakika moja WhatsApp haifiki hata 1MB. Ili binti amalize 30GB kwa voisi noti, ingebidi aongee zaidi ya siku 20 mfululizo, usiku na mchana, bila kulala, bila kupika, bila kupumua. Huyo mama wa Singida angekuwa ameshazima simu.

Mwezi uliofuata dada wa kazi hayupo, akanunua bando jingine, nalo likaisha siku ya nne. Ndio akaitwa kijana mmoja anayejua mambo hayo. Kijana akafungua ukurasa wa setingi wa kile kikasha kwenye simu, dakika mbili tu: vifaa tisa vimeunganishwa, vya mwenye nyumba ni vitatu. Sita ni vya watu baki.

Yaani jibu lilikuwa ndani ya kifaa muda wote. Kilikuwa kinaonyesha nani yumo na MB ngapi zimetumika, ila mwenye nacho hakuwahi kukifungua. Na mpaka leo, kwa wanaoijua ile familia, yule binti hajapigiwa simu ya pole wala hela yake haijarudi. Kwenye ukurasa wa staa kuna mapicha ya "wanawake tuinuane". Inuane na nani?

DAKIKA KUMI TU, ZINAKUSHINDA?

Kwa kuwa mameneja wao wanapitaga humu, hii ni kazi yao ya nyumbani. Haihitaji fundi wala chuo.

Moja, kununua. Ukienda Kariakoo usikimbilie rangi. Uliza kama kifaa kimefungwa kwa mtandao mmoja au kinapokea laini yoyote, kwa sababu vingine vinavyouzwa na mitandao ya simu vinakubali laini zao tu. Hakikisha ni 4G. Weka laini yako pale pale dukani, iwake, ivute ukurasa, ndio utoe hela.

Mbili, laini. Kabla ya kuiweka kwenye MiFi iweke kwanza kwenye simu, toa PIN kama ina PIN, jiunge bando, uone intaneti inafanya kazi. Na ujiunge bando la intaneti tupu. MiFi haipigi simu, kwa hiyo dakika na SMS unazolipia kwenye bando mchanganyiko zinakaa tu mpaka zinaexpaya. Ukitaka kuongeza bando baadaye unaweza kununulia namba ile ukiwa kwenye simu yako, huna haja ya kuchomoa laini kila siku mpaka kisehemu chake kilegee.

Tatu, kuwasha. Bonyeza kitufe sekunde chache, subiri taa ya mtandao itulie. Kwenye simu fungua orodha ya Wi-Fi, tafuta jina lililoandikwa kwenye stika, mara nyingi ipo ndani ya kava la betri au mgongoni, weka paswedi ya hapo hapo. Taa inawaka, Wi-Fi inaonekana, lakini hakuna intaneti? Angalia kwanza salio, halafu angalia APN kwenye setingi kama ni ya mtandao wa laini yako.

Nne, na hii ndio iliyomponza yule mwigizaji. Ukiwa umeunganishwa, fungua brauza uandike ile anwani iliyo kwenye stika. Vingi ni 192.168.8.1 au 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Utaombwa paswedi ya kuingilia, na kwenye vingi ya kiwandani ni neno "admin" ambalo dunia nzima inalijua. Hapo kuna paswedi MBILI za kubadilisha: ya kujiunga Wi-Fi, na hiyo ya kuingia kwenye setingi. Ukibadilisha moja ukaiacha nyingine umefunga mlango ukaacha dirisha. Paswedi ya Wi-Fi ianzie herufi nane kwenda juu. Isiwe namba yako ya simu wala jina la mwanao uliyemposti mara mia mbili. Kwenye usalama chagua WPA2, au WPA3 kama ipo na simu zako zinaikubali. WPS izime.

Tano, jina la Wi-Fi. Usiandike jina lako la usanii! Umekaa hotelini Dodoma, mashabiki wanafungua simu wanaona jina lako linaelea hewani, wanajua uko ghorofa hii hii. Halafu unalalamika unafuatiliwa.

Sita, kikomo. Kwenye ukurasa ule ule unaweza kuweka idadi ya watu wanaoruhusiwa, na vingi vina sehemu ya kuweka ukomo wa data kwa mwezi. Timu yako ina watu sita? Weka sita. Wa saba abishe hodi. Na mara moja moja pita uangalie nani yumo. Ukiona kifaa hukijui, badilisha paswedi, wote watatoka, uwape upya wanaohusika. Ukisahau kila kitu, kuna kitundu kidogo kimeandikwa reset, bonyeza kwa pini sekunde kama kumi, kinarudi kama kilivyotoka dukani, uanze upya.

Saba, zizime zile setingi kwenye simu yako. Bakapu ya picha, apdeti za programu zinazojipakua zenyewe, video zinazojicheza zenyewe. Kwenye iPhone washa hali ya kutumia data kidogo kwa Wi-Fi hiyo. Kwenye Android iambie simu kwamba hiyo Wi-Fi ina kipimo. Hapo simu itaacha kujifanya iko nyumbani.

Basi, imeisha. Muda wa kuweka kope za bandia ni mrefu kuliko huo.

USIKIWEKE KWENYE POCHI HALAFU UKASEMA MTANDAO MBOVU

Lingine ni kulalamika. Staa kanunua MiFi, kaiweka chini kabisa ya pochi, juu yake mekapu, funguo, viatu vya akiba, halafu anaposti "mtandao fulani mmetuchosha". Dada, kile kikasha hakitengenezi intaneti. Kinavuta mawimbi yale yale ya mnara ambayo simu yako inayavuta. Kiweke mezani, karibu na dirisha, juu sio chini. Kama kina 2.4GHz na 5GHz, ujue ya 2.4 inafika mbali na inapenya kuta vizuri zaidi lakini inajaa watu, ya 5 ni ya kasi lakini haifiki mbali. Mko chumba kimoja, tumia 5. Mmetawanyika nyumba nzima, tumia 2.4.

Usikiache juu ya dashibodi ya gari kwenye jua la saa nane, betri haipendi moto. Ukiona kava linapanda kama andazi, betri imevimba, acha kuitumia hapo hapo wala usiichaji. Na ukiondoka lokesheni, kizime. Timu ikibaki inafungasha taa, kuna mtu atashusha msimu mzima wa tamthilia.

LAINI YA NANI HIYO?

Hapa ndipo utani unaisha. Wapo mastaa ambao MiFi ni yao, bando wananunua wao, lakini laini iliyomo ndani imesajiliwa kwa kidole cha msaidizi. "Nenda kasajili bwana, mimi sina muda wa foleni." Kijana anaenda na namba yake ya NIDA, anaweka kidole, laini inakuwa yake kwenye mfumo na ya bosi kwenye mkoba.

Usajili wa alama za vidole ulianza 2019 ili kila laini iwe na mwenyewe. Sasa staa anatukana watu usiku kupitia akaunti feki, na mastaa wanaofanya hivyo wapo. Au mgeni wake aliyepewa paswedi anafanya utapeli kupitia Wi-Fi hiyo. Siku wakianza kuuliza laini ni ya nani, jina litakalotoka sio la kwenye mabango. Litatoka la kijana wa Manzese ambaye siku hiyo alikuwa amelala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina kipengele cha "nilimsajilia bosi".

Kijana unayesoma hapa, piga *106# uone ni laini ngapi zina jina lako. Ukikuta ambayo huijui au ambayo ilishakuwa ya bosi, nenda duka la mtandao husika ifutwe. Bosi akinuna, anune. Kidole ni chako, na kesi itakuwa yako.

NA WEWE UNAYEWASHA KILA SIKU

Lawama nyingine iende upande wa pili. Madansa na wadada wa mekapu, na nyie mnalea huu upuuzi. Staa akiuliza "nani ana bando", watu watatu wanashindana kuwasha ili waonekane wako karibu na bosi. Halafu jioni mnalia kwenye grupu.

Baadhi ya simu za Android zinakuruhusu kuweka ukomo wa MB kwenye hotspoti na idadi ya watu. Weka 200MB, zikiisha inajifunga yenyewe, umesaidia na hujaibiwa. Badilisha paswedi ya hotspoti kila baada ya kazi, maana simu ya bosi ikishaikumbuka itajiunganisha yenyewe kila ukiiwasha, hata siku umeiwasha kwa ajili ya mdogo wako. Na mkikubaliana bei ya kazi, semeni mapema kabisa: "Bosi, kwenye lokesheni intaneti itakuwepo au tuweke hela ya bando?" Sentensi moja tu ya heshima. Wapiga kamera wanadai hela ya teksi mapema na hakuna anayewaita wachoyo.

Mkisema mmoja mmoja mtafukuzwa mmoja mmoja. Mkisema wote sita kwa siku moja, staa atacheza na nani? Na kivuli chake?

Haya, kazi kwenu mastaa. Kifaa kinaingia mfukoni, setingi ni dakika kumi, na wengi wenu bei ya miwani mnayoingia nayo lokesheni inanunua MiFi na bando la mwezi mzima la timu yote. Ukishindwa kabisa, washa hotspoti ya simu yako wewe, dansa wako aunganishwe kwako. Ikifika siku hiyo, tupia hata picha, utapigiwa makofi kwa haki.

Wadau, nyie mmeshaliwa bando na bosi gani, wa muziki, wa ofisini au wa saluni? Funguka hapo chini. Majina ya watu yaache kapuni, visa viletwe vyote.